Echo, Print na Juzuu ya Mwanaisha

Wanangu, mmoja wenu kaniletea swali kwenye simu, akaliwekea na kile kikaragosi cha kucheka, kana kwamba ananitega. "Shangazi Rukia, kwenye PHP tutumie echo au print? Huku tunabishana tangu asubuhi." Nimecheka peke yangu barazani mpaka jirani akachungulia. Nimestaafu, mgongo umekataa kiti na macho yamekataa kioo cha kompyuta, lakini ugomvi wa ofisi yetu ya kutengeneza tovuti naona ni uleule, na mnauendeleza palepale tulipouacha, juu ya duka la vitambaa pale Dunda.

Jibu fupi ni hili: tumieni yoyote, ila mjue kila moja inafanya nini, na msizichanganye. Mkitosheka na hilo, rudini kazini. Anayetaka jibu refu avute mkeka, kwa sababu siwezi kulitoa bila kumtaja Idrisa, na Idrisa hatajiki kwa ufupi.

Idrisa ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi nilitoka Fukayosi, binti wa wakulima wa mihogo, nikaja mjini kuchapa kadi za harusi kwenye duka la steshenari. Yeye alikuwa mtoto wa mji, anayesalimia kila nyumba kwa jina la bibi wa nyumba hiyo. Siku moja aliingia kuchapisha barua, akasimama nyuma yangu akitazama vidole vyangu, kisha akasema, "Mkwere wangu, vidole hivi vinapotea bure kwenye kadi." Nilimjibu kwamba kama ana kazi nyingine ya vidole aitaje, na kama hana aondoke kwenye mwanga wangu. Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye meza yake, ambayo mguu wake mmoja ulikuwa tofali.

Alikuwa na njia yake ya kufundisha, na naomba mwirithi hii hata kama mtayasahau mengine. Ukimaliza kuandika mstari, kabla hujauendesha, alifunika kioo kwa kiganja na kusema, "Sema kwanza kitakachotoka." Unasema kwa sauti, herufi kwa herufi, nafasi na vituo. Halafu anaondoa kiganja na mnatazama pamoja. Ukipatia, hasemi kitu. Ukikosea, hasemi kitu vilevile, ila anavuta kikombe chake cha kahawa na kunywa taratibu, na wewe unabaki na aibu yako. Nilichukia kile kikombe mwaka mzima.

Sasa hiyo echo. Unaipa maneno, inayamwaga kwenye ukurasa, imemaliza. Unaweza kuipa mawili matatu kwa mpigo, ukayatenganisha kwa mkato, ikayabeba yote. Print inapokea kitu kimoja tu. Lakini ikishakiandika, inamrudishia aliyeiita jibu, na jibu lenyewe siku zote ni namba moja, yaani 1. Namba hiyo haionekani kwenye ukurasa kama hakuna aliyeiomba. Inarudi kimyakimya na kupotea.

Idrisa alikuwa mtu wa print. "Huyu ana adabu," alikuwa akisema. "Ukimwamkia, anaitikia marahaba. Echo ni mtoto asiyelelewa, anapita na kapu lake hata hakutazami." Mimi nilikuwa mtu wa echo, kwa sababu ni fupi na haina mbwembwe. Nikimuuliza, "Hiyo marahaba nani anaisikiliza?" ananiambia adabu haihitaji msikilizaji. Tuliligombania jambo hilo miaka na miaka, mpaka muuza vitambaa wa chini akafikiri print ni jina la mwanamke.

Na wale wanaowaambia kwamba echo ina kasi zaidi, wanasema kweli, lakini kasi hiyo hakuna mteja wa Bagamoyo atakayeiona. Picha moja ya chumba cha wageni isiyopunguzwa ukubwa inakula muda kuliko print zote mtakazoandika mpaka mstaafu. Punguzeni picha kwanza, ndipo mbishane.

Echo ina mpaka wake, na mpaka huo niliujulia Msata. Pale njia panda kulikuwa na mama mmoja mwenye hoteli, tumwite Mama Zena, aliyetaka ukurasa wa vyakula vya siku ili abiria wa mabasi waagize kabla hawajafika. Nilimtengenezea. Vyakula vyote nikavitia kwenye orodha moja, nikaikabidhi orodha nzima kwa echo, nikaenda zangu nyumbani nikiwa na furaha. Orodha haitoki hivyo. PHP ikipewa orodha na kuambiwa echo, inaandika neno moja tu, Array. Kwa hiyo mchana kutwa ukurasa wa Mama Zena ulisomeka, "Leo tuna: Array."

Abiria wakashuka. Mmoja akauliza, "Mama, Array bado ipo?" Mama Zena hakutaka kuonekana hajui chakula cha hoteli yake mwenyewe. Akamjibu, "Imekwisha, baba, wamekuja watu wengi. Chukua wali maharage." Wa pili akaambiwa vivyo hivyo, na wa tatu. Jioni akanipigia, sauti imejaa heshima: "Rukia, mwanangu, hiyo Array inapikwaje? Wateja wanaitaka sana."

Basi shikeni hili. Orodha itoeni kitu kimoja kimoja kwa foreach, au iungeni kwa implode iwe maneno ya kawaida. Mkitaka kuona ndani yake kuna nini wakati wa kazi, tumieni print_r. Mkitaka kuona na aina ya kila kitu, kwamba hii ni namba na hii ni herufi zinazojifanya namba, tumieni var_dump. Lakini hizo mbili ni kanga za jikoni. Unazifunga wakati wa kupika, na mgeni akibisha hodi unabadili. Nimeona tovuti kubwa za watu wenye vyeo zimetoka sebuleni na var_dump, siri zote za nyumba zinaning'inia. Kabla ya kupandisha kazi hewani, tafuteni neno hilo kwenye mafaili yote na kulifuta.

Printf nayo ina kazi yake, pale mnapotaka umbo: dakika tano iandikwe 05 badala ya 5, bei ikae na desimali zake. Na kitu chochote alichokiandika mteja, kipitisheni kwenye htmlspecialchars kabla ya kukitoa, alama zake zisigeuke amri, hata kama mteja huyo ni shehe. Sisemi kwamba mashehe wana ubaya. Kuna mmoja alinakili wasifu wake kutoka mahali fulani na vikorokoro vyake vyote, na ukurasa mzima wa madrasa ukawa wa herufi nene za rangi ya waridi mpaka Jumatatu.

Nimezunguka sana. Mmekwisha kujua kwamba nazunguka kwa sababu ninakokwenda panauma kidogo.

Mama yake Idrisa alifariki. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamuru, na mimi alinipenda kwa sababu nilikuwa simwogopi mwanawe. Tulimzika siku ileile, kama ilivyo kwetu. Mazishi hayangoji ndege, na binti yake mkubwa, Mwanaisha, ameolewa Maskati. Alipokuwa bado anatafuta tiketi mama alikuwa keshafukiwa. Akaambiwa abaki, asije akakuta mkeka wa msiba umekunjwa. Alibaki, lakini kila alipopiga simu alikuwa akiuliza mambo madogo madogo: nani alimwosha, sanda alikata nani, kaburi liko upande gani wa babu. Anauliza, anajibiwa, anauliza tena yaleyale.

Ijumaa ilikuwa khitma. Kwa mdogo asiyejua: msahafu una juzuu thelathini, na msiba ukitokea watu hugawana, kila mtu asome juzuu yake, ili msahafu mzima ukamilike kwa ajili ya marehemu ndipo dua isomwe. Zamani watu walikaa chumba kimoja na kupeana vijitabu. Ukoo wa Idrisa umetapakaa, Pangani, Tanga, Mombasa, Maskati, na yeye akaamua kutengeneza ukurasa ili hata walio mbali wachukue juzuu zao. Nilimwambia apumzike, kazi hiyo nitaifanya mimi. Akanitazama kwa macho mekundu. "Nisipofanya hiki, Rukia, nitafanya nini?"

Ukurasa ulikuwa rahisi. Unaandika jina, unachagua juzuu, inaandikwa kwenye jedwali tuliloliona mimi na Idrisa tu. Ukimaliza kusoma unabonyeza, alama ya tiki inatokea. Chini kabisa aliweka kitufe cha wasiotaka kuchagua, kimeandikwa "Nichagulieni." Ukikibonyeza, unapewa juzuu iliyobaki na kuandikiwa namba yake.

Akiwa bado anashughulika nao, katikati ya vilio na sahani, aliniita mlangoni. Akasema, "Mama alikuwa akiniambia nina ubishi wa punda. Nimemaliza kubisha. Leo ukurasa wa mama natumia echo yako." Nilitaka kumtania, nikashindwa. Nilijua anatafuta mtu wa kumwachia kitu chochote, kwa kuwa amenyang'anywa kikubwa. Nikamwambia asante, nikarudi jikoni kumenya vitunguu, na siku hiyo vitunguu vilinisaidia sana.

Alipita mstari kwa mstari, akifuta print na kuweka echo. Kwenye mstari mmoja, ule wa kitufe cha chini, aliweka echo mbele na kusahau kuifuta print nyuma yake. Na hapakuwa na mtu wa kufunika kioo kwa kiganja na kumwambia aseme kwanza kitakachotoka.

Watu wote walichagua wenyewe. Watu wa pwani hatuoni haya kuchagua. Amma, ile ya mwisho yenye sura fupi fupi, ilichukuliwa mapema kabisa, na kulikuwa na mgogoro mdogo kati ya binamu wawili wa Tanga. Mtu mmoja tu ndiye aliyebonyeza "Nichagulieni," naye ni Mwanaisha. Aliniambia baadaye kwamba hakujiona ana haki ya kuchagua, mtu ambaye hakushika hata udongo.

Ijumaa baada ya alasiri nyumba ilijaa. Wanaume sebuleni na barazani, sisi chumba cha ndani, na mimi nimekaa na kompyuta mapajani nikiangalia jedwali. Tiki zote thelathini zilikuwa zimetimia. Maalim alikuwa anasafisha koo ili aanze dua. Simu ikalia, Mwanaisha.

"Rukia, umeona yangu imeandikwa?"

"Imeandikwa, dada. Ina tiki."

"Alhamdulillahi. Nimeisoma mara mbili, nisije nikawa nimeruka mahali. Utlu yote, mara mbili."

Utlu ni juzuu ya ishirini na moja. Kwenye jedwali, mbele ya jina la Mwanaisha, palikuwa na juzuu ya pili. Ishirini na moja ilikuwa ya binamu mmoja wa Tanga, na yeye alikuwa ameisoma.

Nilielewa palepale, nikaufungua ule mstari wa kitufe. Print ilikuwa imeandika 2, ikarudisha jibu lake, 1, na safari hii alikuwepo wa kulipokea. Echo ilikuwa imesimama mbele yake, ikalichukua lile jibu na kulibandika pembeni. Mbili ikawa ishirini na moja kwenye simu ya mwanamke aliyeko Maskati. Jedwali halikukosea, wala Mwanaisha hakukosea. Lakini juzuu ya pili haikuwa imesomwa na mtu.

Nilimwambia asikate, nikamwita Idrisa ukumbini na kumwonyesha. Aliangalia ule mstari, akajishika kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Asiambiwe. Maalim ataisoma sasa hivi, au wewe, au yeyote, msahafu utatimia. Mwanaisha hana kingine, Rukia. Nikimwambia hata hiki hakukifanya, atavunjika."

Alikuwa anasema kweli kwa upande wa khitma. Mtu yeyote mle ndani angeweza kuisoma na hapana dhambi. Nami nilimhurumia mno, kwa sababu kosa lile alilifanya wakati ananipa zawadi. Lakini nilikuwa nimeishi karibu na wanawake wa ukoo ule nikawajua. Nikamwambia, "Idrisa, dada yako wiki nzima anauliza nani kafanya nini, kwa kuwa kila kitu kimefanywa na wengine. Leo na juzuu yake nayo ifanywe na mwingine, tena kwa kificho?"

Hakunywa kahawa safari hiyo. Alichukua simu.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, Idi. Mbona hamjaanza?"

"Dada, ukurasa ulikupa namba siyo. Nimekosea mimi. Yako ilikuwa ya pili, Sayakulu. Ile uliyosoma imesomwa na binamu wa Tanga pia, thawabu yake iko, haikupotea. Lakini ya pili bado. Tutaisoma hapa mara moja, usijali."

Nilisikia mlango ukifungwa huko Maskati, kisha bomba la maji likifunguliwa na kufungwa. Alikuwa anatia udhu.

"Maalim ameshaanza dua?"

"Bado."

"Mwambie anisubiri."

"Dada, watu wamejaa, na ni juzuu nzima…"

"Idi, hiyo ni yangu. Nimepewa mimi. Niwekeni mahali mtanisikia."

Idrisa alikwenda sebuleni. Nilidhani kutakuwa na minong'ono, maana walikuwepo wenye maduka ya kufungua na wenye safari. Maalim alimsikiliza, akakunja miguu upya, akawaambia watu, "Msomaji mmoja hajamaliza. Tunamsubiri." Akaomba chai. Hakuna aliyeondoka.

Simu tuliiweka katikati ya mlango unaogawanya sebule na chumba cha ndani, juu ya kigoda, sauti imefunguliwa yote. Mwanaisha akaanza. Mwanzoni sauti ilitetemeka na mtandao ukaimeza mara mbili, akarudia. Kisha ikatulia. Nyinyi mmezoea sauti kwenye simu, hamwezi kujua ilivyokuwa kwetu: mtu ambaye siku zote za msiba alikuwa ni maswali tu, sasa yuko mle ndani, na watu wazima wameinamisha vichwa kwa ajili yake.

Katikati ya juzuu alikwama. Alirudia aya ileile, akakwama tena palepale. Mamkubwa wao, dada wa marehemu, alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka pembeni, sote tukijua amelala. Bila kufumbua macho akamtajia neno linalofuata. Mwanaisha akalipokea. Alilia kidogo, akiendelea kusoma huku analia, na hakuna aliyemkatiza.

Alipomaliza, Maalim aliomba dua, ndefu kuliko kawaida yake, na jina la Mwanaisha akalitaja kabla ya yetu sote. Watu wakaanza kuaga. Idrisa akaokota simu.

"Dada, tumemaliza. Mungu akulipe. Nikuache upumzike?"

"Usikate, Idi. Nyumba nataka kuisikia kidogo."

Idrisa aliingia nayo chumbani kwa mama yao, akailaza juu ya mto, akaacha mlango wazi. Sisi tukaendelea na kazi zetu: vikombe vikaoshwa uani, wanawake wakagombea kifuniko cha sufuria ni cha nani, watoto wakafukuzwa kwenye tende. Kila aliyepita pale mlangoni alimwambia anachofanya. Nakunja mikeka, dada. Nafunga dirisha la nyuma. Mamkubwa kaamka, anataka maji. Naye akisema haya, haya. Ikapita magharibi, ikaja isha. Simu ile haikukatwa na mtu. Chaji ilikwisha, ikazimika yenyewe.